Maumivu ya shingo na mabega: Tuutazame mzigo kabla ya dawa

Inapofika miezi ya Mei na Juni, mpunga unapovunwa katika bonde la Ziwa Rukwa, njia za Mtowisa hujaa mizigo ipitayo juu ya vichwa vya watu. Viroba vya mpunga hutoka shambani, kuni hutoka porini, na ndoo za maji hutoka kisimani au bombani. Huko juu kwenye uwanda wa Ufipa, ukishaupanda ukingo wa Lyamba lya Mfipa, hali ni hiyo hiyo, ila baridi ya Juni na Julai nayo huongeza lake: mtu hulala amejikunyata, akaamka shingo imekaza, asiweze hata kugeuka kumwitikia aliyeketi pembeni yake.

Maradhi haya hayapigiwi kelele. Hayana homa, hayana kidonda, wala hayamlazi mtu kitandani kwa mwezi. Mama humaliza kazi za siku, akaomba apakwe mafuta mabegani, akalala. Alfajiri, baada ya swala, huinama na kuitwika ndoo ile ile. Dawa hupakwa usiku, na kilicholeta ugonjwa hurudishwa kichwani asubuhi. Ndiyo maana katika makala haya, ndugu msomaji, tutautazama mzigo kwanza, kisha tuje kwenye maji ya moto na mafuta.

Wala tusidhani kuwa ni tatizo la Rukwa peke yake. Kwa makadirio ya wataalamu, mwaka 2020 watu wapatao milioni 203 duniani walikuwa na maumivu ya shingo, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi, nacho hukaa juu ya pingili saba ndogo za shingo. Mtu akisimama wima, uzito huo hushuka sawasawa. Akiinama mbele, misuli ya nyuma ya shingo na ya mabega hulazimika kukishikilia kichwa kisianguke, kama mtu anavyoikaza kamba ya ng'ombe. Sasa ongeza ndoo ya lita 20, ambayo maji yake pekee ni kilo 20, yaani mara nne au tano ya uzito wa kichwa chenyewe.

Wapo wasemao kwamba wanawake wa Kiafrika wameumbiwa kubeba, na mara nyingi wasemaji hao ni wanaume wasiobeba. Mwaka 1986 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo vyao kwa wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu wa Kenya, wakaonyesha kwamba waliozoea waliweza kuchukua mzigo wa hadi moja ya tano ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu ya ziada. Jambo hilo lilisifiwa sana. Lakini mama wa kilo 55 moja ya tano yake ni kilo 11, nayo ni kama nusu ya ndoo tu. Tena kutumia nguvu kidogo si sawa na shingo kutoumia: utafiti kuhusu wachota maji wa Limpopo, Afrika ya Kusini, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta malalamiko mengi ya maumivu ya mgongo na shingo miongoni mwao.

Basi tiba ya kwanza ya nyumbani ni kupunguza kinachotwikwa. Ndoo ya lita 10 kwa safari mbili ni afadhali kuliko ya lita 20 kwa safari moja, hasa kwa binti ambaye mifupa yake bado inakua. Kata ya kitambaa au ya majani, iliyoviringishwa vizuri, huutuliza mzigo usiyumbe. Mzigo unaoyumba ndio unaoikamua shingo, kuliko hata mzigo mzito uliotulia. Anayetwika na kutua asaidiwe, kwa sababu shingo nyingi huteguka wakati ule wa kuinua peke yake. Aidha, eneo hili lina ng'ombe wa kulimia na mikokoteni, na baiskeli zipo. Mkokoteni unaochukua mpunga wa kuuza mnadani hauoni haya kuchukua maji ya kupikia. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipokuwa nyumbani alikuwa akiwahudumia watu wake, hata wakati wa swala ulipofika akatoka. Baba na vijana wa kiume wanao mfano hapo.

Mzigo si kichwani tu. Jembe la mkono humfanya mkulima ainame kutwa akiwa amekunja shingo kutazama mbele. Akipumzika kila baada ya muda, akasimama wima na kuyavuta mabega nyuma, jioni yake huwa tofauti. Mtoto wa mgongoni afungwe katikati, mbeleko isivute bega moja. Fundi cherehani ainue kiti chake ili asiining'inize shingo juu ya kitambaa. Na hapa niseme neno kuhusu madrasa zetu. Watoto huketi sakafuni na juzuu mapajani, vichwa vimeinama saa nzima. Marufaa ambayo wazee wetu waliichonga kwa ajili ya kukitukuza Kitabu ilikuwa pia rehema kwa shingo ya msomaji, maana ilikileta karibu na macho yake. Siku hizi marufaa zimepungua, zikaja simu, nazo hutuinamisha vivyo hivyo bila thawabu.

Ama kuhusu tiba zenyewe, ya kwanza ni joto. Chovya taulo katika maji ya moto, likamue, lijaribu kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono, kisha liweke shingoni na mabegani kwa dakika 15 hadi 20. Asiye na taulo akaange chumvi au mchele mkavu, autie katika mfuko wa kitambaa kizito. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa khanga nayo yafaa. Fanya hivyo mara mbili au tatu kwa siku. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia ya ngozi, mzee sana na mtoto mdogo waangaliwe zaidi, kwa kuwa huweza kuungua bila kujua. Bega lililoteguka leo na kuvimba lianze kwa kitambaa cha maji baridi kwa siku moja au mbili, joto lifuate baadaye.

Baada ya joto hufuata kukandwa. Mafuta ya ufuta yanapatikana, ya alizeti yapo, na wengi hupenda ya habbat sauda. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya nafuu hutoka katika mkono unaokanda kuliko katika chupa. Akandwe taratibu, kutoka chini ya kisogo kuelekea mabegani, kwenye nyama za misuli. Mbele ya shingo pasikandwe kabisa, wala mfupa wa katikati usibinywe. Dawa za kupaka zenye mentholi zinaruhusiwa, ila usizifunike kwa taulo la moto, kwani huchoma ngozi. Tangawizi na binzari katika chai au mchuzi hazina ubaya, lakini anayeitegemea chai peke yake atasubiri sana.

Tiba ya tatu ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, nayo ni kujongea. Zamani mgonjwa wa shingo aliambiwa alale asitikisike. Siku hizi matabibu wanasema kinyume chake: shingo isiyotembezwa hukauka na maumivu hurefuka. Keti wima juu ya kigoda, mabega yamelegea. Geuza uso taratibu kulia mpaka uhisi kuvutwa, si kuumia. Hesabu mpaka kumi, rudi katikati, kisha kushoto. Inamisha sikio kuelekea bega, upande huu na ule. Vuta kidevu nyuma bila kuinua uso. Mwisho zungusha mabega kwenda nyuma. Kila moja mara tano, asubuhi, mchana na jioni. Wapo waandikao kwamba rukuu, sijida na kugeuka kwa salamu ni mazoezi tuliyopewa; mimi husema ibada haikuwekwa kwa ajili ya misuli, lakini anayeswali kwa utulivu, bila kudonoa kama kuku, mwili wake hautapata hasara.

Ikiwa ni bega ndilo linalokataa kupanda, simama ukitazama ukuta, utambaze vidole juu yake kidogo kidogo mpaka unapoweza, kisha teremsha. Bega linaloganda kwa miezi, hata mtu ashindwe kujifunga mtandio au kuvaa kanzu, mara nyingi huwapata wenye kisukari. Asiyewahi kupimwa sukari na akapimwe.

Usiku tumia mto mmoja, unaojaza nafasi kati ya bega na sikio. Kulala kifudifudi huipinda shingo mpaka asubuhi. Maumivu yakizidi, mtu mzima anaweza kutumia parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500 kwa wakati mmoja, apishe angalau saa 6, na asizidishe vidonge 8 kwa siku nzima; mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza. Ama diklofenaki, ambayo dukani huuzwa kama pipi, huleta vidonda vya tumbo, huumiza figo na kupandisha shinikizo la damu, na mjamzito asiitumie bila kuambiwa na daktari. Kwa mwendo huu, shingo nyingi zilizokazwa na kazi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki chache.

Kuna mambo matatu yafanywayo majumbani ambayo yanahitaji tahadhari. La kwanza ni kumpeleka mgonjwa kwa mtu wa kumvunja shingo mpaka ilie. Mishipa miwili ya damu iendayo kwenye ubongo hupita ndani ya pingili hizo hizo, na kuichana ni kumtafutia mtu kiharusi. La pili ni chale. Wembe mmoja ukipita kwa watu watatu huhamisha homa ya ini na Ukimwi, na majivu yanayopakwa juu ya chale huweza kuleta pepopunda.

La tatu ni hijama, ambayo wenyeji wengi huijua kwa jina la kupiga chuku. Hii hatuwezi kuiweka fungu moja na chale, kwani imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alipigwa chuku pande mbili za shingo na kati ya mabega, na kwamba alimlipa aliyemfanyia. Tafiti ndogo za hospitali zimeona nafuu ya muda mfupi kwa wenye maumivu ya shingo, ingawa si tafiti zenye nguvu sana. Lakini sunna haikuagiza wembe wa kuazimana. Afanyaye awe amejifunza, vifaa viwe vipya kwa kila mtu, na mjamzito, mwenye upungufu wa damu au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda wasifanyiwe.

Tena kuna lile la kuamka shingo imekaza na kumtazama jirani kwa jicho baya. Mkoa wetu umebebeshwa sifa ya uchawi na simulizi za watu wa mbali, na baadhi yetu tumeipokea. Shingo iliyolalia mto mbaya haihitaji mshukiwa, na bibi kizee wa nyumba ya pili hana hatia kwa sababu ya ndoo uliyoitwika jana.

Anayeumia asilazimishe sijida. Imran bin Huswayn (r.a.) aliyekuwa mgonjwa alielekezwa na Mtume (s.a.w.) aswali kwa kusimama, asipoweza, kwa kukaa, asipoweza, kwa ubavu. Asiyeweza kuweka paji la uso chini huashiria kwa kichwa, na sijida huishusha zaidi ya rukuu. Maswali ya undani zaidi ayapeleke kwa sheikh wa msikiti wake.

Mpaka wa tiba za nyumbani ujulikane na kila aliyemo ndani ya nyumba. Shingo iliyokakamaa pamoja na homa kali, kuumwa kichwa na kutapika huweza kuwa homa ya uti wa mgongo; mgonjwa huyo apelekwe saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Maumivu ya bega la kushoto au taya yakiambatana na kubanwa kifua, jasho na kukosa pumzi, yaweza kuwa moyo. Mwanamke aliyekosa siku zake, akaumwa tumbo na ncha ya bega huku akizimia, huenda mimba imetunga nje ya kizazi. Ganzi au udhaifu wa mikono au miguu, au kushindwa kuzuia mkojo, ni dalili kwamba uti umebanwa. Na maumivu ya wiki nyingi yenye kukonda, homa za jioni na jasho la usiku yapimwe kifua kikuu, kwani hushika hata mifupa.

Aliyeanguka kutoka juu ya mti au kwenye pikipiki na kuumia shingo asiketishwe wala asipakiwe kwenye pikipiki nyingine. Alazwe chali juu ya ubao au mlango uliong'olewa, vitenge vilivyokunjwa viwekwe pande zote mbili za kichwa, mtu mmoja akishike kichwa kisigeuke, na litafutwe gari la kumfikisha kituo cha afya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Sumbawanga. Safari ya kuupanda ukingo ni ndefu na njia ina mashimo. Dereva aombwe aende polepole.