Ukiona Msee Akiiba Supamaketi, Usipige Nduru

Uko supamaketi jioni unatafuta mkate, mara unaona msee akificha maziwa ya mtoi ndani ya jaketi. Utado?

Kwanza, usipige nduru ya "mwizi!" Hapa kwetu hilo neno linaua. Akitoka mbio hadi nje, umati haungoji stori: ni mawe, mateke na tairi. Ukirusha hata jiwe moja na msee akufe, kesi si ya maziwa tena. Ni ya mauaji, na wewe ni mshukiwa.

Pili, hakikisha umeona poa. Kuna wasee huweka vitu kwa mfuko juu hawakuchukua kikapu, halafu wakifika kaunta wanatoa wanalipa.

Tatu, chapia soja wa mlangoni ama meneja, pole pole. Mwambie umeona nini, upande gani, na msee amevaa aje. Wao ndio wana kamera na hiyo ndiyo kazi yao. Usimfuate, usimguse, hujui amebeba nini. Na usimrekodi umrushe TikTok. Ukikosea, umemharibia mtu jina bure.

Sheria ya Kenya inaruhusu raia kumshika mtu anayeiba mbele ya macho yake, lakini lazima apeanwe kwa karao bila kucheleweshwa. Kumpiga haimo. Umati ukianza kujaa, piga 999 ama 112 haraka.

Soja akishamchukua, kazi yako imeisha. Rudi utafute mkate wako.