Mbwa Huyu Aende Wapi?

Katika makao mengi ya wanyama Marekani, mbwa aliyeokotwa mtaani hukaa kwanza siku zilizowekwa na sheria, ili mwenyewe ajitokeze. Asipotokea, daktari wa mifugo humpima, na wahudumu huchunguza tabia yake. Mpole mwenye afya hupewa familia. Mgonjwa au mwoga hukabidhiwa kikundi cha uokoaji, kinachomlea nyumbani kwa watu wa kujitolea. Makao ya kusini yakifurika, wengine husafirishwa kaskazini, wanakohitajika zaidi. Wanaokosa nafasi huweza kuuawa kwa sindano. Hapo busara hupimwa: kizimba kisipoachwa wazi mapema, mwingine hukosa pa kuingia. Katekisimu, namba 2416, inafundisha kwamba tunawiwa kuwatendea wanyama wema. Wema huo hauishii kwenye huruma. Unahitaji mtu wa kufungua mlango wake.