Andikeni Majina Bibi Angali Hai

Usiku wa kuamkia maziko, katika familia nyingi za Tanzania, hufanyika kikao kisichotangazwa. Akina mama wako jikoni, vijana wanahangaika na maturubai na viti, na watu watatu au wanne wamejifungia chumbani kuandika wasifu wa marehemu. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Alizaliwa mwaka gani? Cheti cha ubatizo kinasema hivi, kitambulisho cha Taifa kinasema vile. Babu yake mzaa mama aliitwa nani? Anapigiwa simu shangazi aliyeko Arusha, naye anajibu kwamba aliyekuwa akiyajua hayo ni huyo huyo tunayemzika kesho.

Kesho yake wasifu unasomwa kwa dakika chache, kisha karatasi inakunjwa na kutiwa mfukoni. Arobaini ikipita hakuna anayejua iliko. Kenya wamepiga hatua zaidi, maana familia nyingi huchapisha kijitabu cha mazishi chenye picha za rangi na orodha ya watoto na wajukuu, lakini nacho huishia kwenye droo pamoja na bili za umeme. Na kwa familia nyingi, Kenya na Tanzania, maandishi hayo ndiyo historia pekee ya ukoo iliyowahi kuandikwa.

Nayaombea makao. Makao hayo ni kitabu cha familia: albamu ambamo picha zinakaa pamoja na maelezo yake, kadi za harusi, barua, wasifu wa waliotutangulia, hata kipande cha kanga ya bibi. Marekani kazi hii ya kubandika kumbukumbu ilienea tangu karne ya 19. Mwandishi Mark Twain alisajili mwaka 1873 hataza ya kitabu ambacho kurasa zake zilikuja na gundi tayari, kilichohitaji kuloweshwa kidogo tu. Kwetu pia mkono wa aina hiyo ulikuwepo. Kule Lamu, mpiga picha Omar Said Bakor alikata picha na kuziunganisha, akiziweka sura za wateja wake ndani ya maumbo aliyoyabuni mwenyewe.

Picha hatujawahi kuzikosa. Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, na kuanzia miaka ya 1940 familia za Mombasa zilivaa vizuri zikaenda kupigwa picha kwa mpiga picha Parekh. Miji mingi yenye stesheni au soko ilipata studio zake, zenye pazia lililochorwa bustani na meza ndogo ya kuegemeza kiwiko. Tulichokosa ni maneno ya kuandamana na picha hizo.

Katika albamu ya shangazi yangu kuna picha ya wanawake wanne waliovaa sare ya kitenge, mmoja kashika redio. Nyuma pana muhuri wa studio uliofifia na maneno "Ukumbusho wa Pasaka", bila mwaka. Shangazi anawataja wawili. Wa tatu anadhani ni mke wa kwanza wa baba mdogo. Wa nne hamjui kabisa, ingawa ndiye aliyeshika redio na anacheka kuliko wote. Mwanamke huyu alikuwa karibu na familia yetu kiasi cha kushonewa sare, na sasa hana jina.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kazi ya kwanza ni kuandika. Mapambo yatasubiri. Kaa na mzee, mpe picha moja moja mkononi, usimharakishe. Andika nani ni nani kuanzia kushoto, wapi, nani alikuwa nyuma ya kamera, kwa nini walikusanyika. Andika alivyosema, kwa lugha aliyoitumia. Akisema jambo kwa Kipare au Kinyakyusa, liache hivyo hivyo na tafsiri uiweke chini. Asipoukumbuka mwaka, uliza ilikuwa kabla au baada ya kuzaliwa kwa nani, au kabla ya Vita vya Kagera au baada yake. Wazee wengi huhesabu hivyo, na mara nyingi wanakaribia sana.

Halafu kuna mambo ambayo hakuna picha inayoweza kuyabeba. Chukua Uchagani mwezi Desemba, mabasi ya kwenda Moshi yanapojaa na kila ukoo kurudi kwenye kihamba chake, mahali walipozikwa wazee. Simu zinapiga mamia ya picha za watu wanaocheka migombani. Lakini mbuzi anapochinjwa, nyama haigawiwi hovyo. Kuna kiungo cha mwenye nyumba, cha mama, cha mjomba, kwa utaratibu wa ukoo unaoheshimiwa kiasi kwamba anayekosea humkosea mtu heshima. Vijana waliokulia Dar es Salaam hula tu walichopewa. Mchoreni mbuzi huyo katika kurasa mbili za kitabu, mumgawe kwa mistari, na katika kila kiungo aandikwe mwenye nacho. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuuchora mchoro huo huku babu akimwelekeza, na kwa namna hiyo ataujua utaratibu ambao baba yake hakupata nafasi ya kujifunza. Ukurasa unaofuata uwe wa pombe ya mbege: ndizi kiasi gani, kimea cha ulezi kiasi gani, msesewe unatiwa lini. Na kama kulikuwa na ugomvi uliosuluhishwa mwaka huo, jani la isale lililopelekwa kuomba msamaha likaushwe katikati ya magazeti, liwekwe ndani ya bahasha ya karatasi, na tarehe iandikwe juu yake.

Pwani kila familia ina vyake. Kanga iliyochakaa haina haja ya kufanywa dekio. Kateni sehemu yenye jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, ifuliwe na kukauka vizuri, kisha iandikwe ilitoka kwa nani na katika shughuli gani.

Kuhusu vifaa, msitishwe na bei za maduka ya zawadi. Kaunta buku yenye jalada gumu inatosha kwa kuanzia, ingawa karatasi isiyo na asidi ni bora zaidi mkiipata. Epukeni zile albamu za kurasa za kunata zilizofunikwa nailoni. Gundi yake hugeuka njano na kung'ang'ania picha, hata ukitaka kuitoa unaichana. Selotepu nayo huacha doa lisilotoka. Gundi ya uji wa unga wa ngano ni nzuri kwa karatasi, na hata mafundi wa kutengeneza vitabu huitumia, ila mende na wadudu wala karatasi huipenda, kwa hiyo iwe kidogo. Njia salama ni kukata pembe ndogo za karatasi, kuzibandika ukurasani na kuchomeka picha humo, ili picha yenyewe isiguswe na gundi. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli laini bila kukandamiza. Risiti za mashine hufifia, basi zitoleeni fotokopi. Vipande vya magazeti pia, kwani karatasi yake hugeuka njano upesi. Picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980, ambazo nyingi zimeshaanza kuwa nyekundu, ziskaniwe kabla hazijaharibika zaidi. Kitabu kikae kabatini, mbali na sakafu, ukuta wenye unyevu na mchwa.

Jambo moja ni zito kuliko gundi. Nimeona albamu ambamo mke aliyeachika amekatwa kwa mkasi na mkono wake tu umebaki begani mwa mtu. Nimeona pia orodha za watoto zinazomruka mtoto wa nje. Uchungu wa mambo hayo ninauelewa, lakini watoto wa huyo mke ni wajukuu wa nyumba hiyo na wana haki ya kuiona sura ya mama yao. Kama jambo linauma, liandikwe kwa maneno machache ya kweli, au ukurasa uachwe wazi. Mkasi uwekwe mbali.

Na kiwepo kitabu cha pili. Familia za Unguja zilizotawanyika baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, wengine Oman na Dubai, wengine Uingereza, zinajua maana ya picha iliyobaki upande mmoja wa bahari. Pigeni picha kila ukurasa, mchapishe nakala na kuipeleka kwenye nyumba ya pili, mji wa pili. Msitegemee kundi la WhatsApp peke yake. Linapunguza ubora wa picha, na simu ikipotea bila nakala kuhifadhiwa kwingine, kila kilichokuwemo kimekwenda nayo.

Wikiendi hii nenda kwa bibi au babu na picha tano tu, zile ambazo nyumbani kwenu hakuna mwingine anayewatambua waliomo. Beba penseli na kaunta buku. Uliza, andika, na kabla ya kuondoka msomee ulichoandika akusahihishe.