Foto ya ushuhuda: vitu gani vya kununua pamoja na aparei

Mbele ya kuuliza bei ya aparei, tujiulize kwanza foto itafanya kazi gani. Kwa ndoa ao ubatizo, tunatafuta foto nzuri. Kwa mine tunatafuta foto ya kweli: kamba ya chuma imekatika, ngazi imeoza, maski imetoboka. Siku mambo yatafika kwa inspekta wa kazi ao kwa CNSS, foto njo itasema, wakati mwenye kuumia angali kwa kitanda.

Kuko kampuni moja, jina tuache, delege walileta foto za ngazi iliyovunjika kwa mkutano wa usalama. Foto zilikuwa giza, na tarehe ndani ya aparei ilikuwa ya miaka mingi nyuma. Wakubwa wakajibu: hiyo ni ngazi ya zamani. Mazungumuzo yakaisha, watu wakaendelea kupanda ngazi ile ile. Aparei ilikuwa ya bei kali. Kilichokosa ni vitu vidogo.

Kitu cha kwanza hakiuzwi: saa. Batri ikikaa inje siku mingi, aparei zingine zinasahau tarehe. Uiangalie kila mara mbele ya kushuka. Huku Lubumbashi na Kolwezi tuko saa moja mbele ya Kinshasa, basi weka saa ya kwetu. Ile tarehe inaandikwa ndani ya foto yenyewe, hata kama haionekani kwa macho. Lakini ukituma foto kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inapunguzwa na yale maandishi yanapotea. Uitume kama dokima, na ile ya kwanza usiifute.

Cha pili, batri mbili. Kura inakatika, sisi wote tunajua, na batri moja itakuangusha siku ya mambo. Pawabanki ya mAh 10 000 inaweza kujaza telefone ya kawaida mara moja na kubakia.

Cha tatu, karte ya memwari. Usikimbilie ile kubwa sana ya bei rahisi kwa soko: kuko za uongo, zimeandikwa GB 256 na ndani kuko kidogo, foto zinapotea bila kusema. GB 32 ya kweli inatosha, maana foto moja ya MB 5 inaingia humo karibu mara 6 000. Karte mpya, uijaze yote kwanza na foto za bure, kisha uangalie kama zote zinafunguka. Nunua mbili: moja ikitumika, ingine ibaki nyumbani na kopi.

Cha ine, dawa ya vumbi. Usipulize kioo na kinywa, mate inaingia. Usipanguse na nguo ya kazi, vumbi ya mawe inakwaruza. Chukua puwari ya mpira ya famasi, ile wamama wanatumia kwa tumbo ya mtoto, lakini mpya na kavu. Uifinye mara kadhaa pembeni kwanza, poda ya ndani itoke. Nyuma, kitambaa laini cha miwani. Kwa njia ya chini, joto na unyevu vinaleta ukungu kwa kioo: funga aparei ndani ya mufuko wa plastiki mpaka ipate joto ya pale. Ukinunua aparei ngumu, tafuta maandishi IP68: ile 6 ni kusema vumbi haingii, ile 8 ni kusema inavumilia kuzama ndani ya maji, kwa kadiri mutengenezaji ameandika.

Cha tano, mwangaza. Flashi ndani ya vumbi inaleta matone meupe tu. Heri mwenzako asimame pembeni na lampe, na aparei iwe juu ya miguu mitatu midogo ao jiwe, isitetemeke. Weka metre ya fundi pembeni ya ufa, kusudi kila mtu aone urefu wake. Piga foto moja ya mbali, moja ya karibu.

Lakini tusidanganyane: karibu na baruti na detonateri, telefone na aparei hazifike. Na mahali kampuni imekataza foto, delege aombe ruhusa kwa komite ya usalama, kwa maandishi, na abakishe kopi. Foto ya kuiba inaweza kumufukuzisha mtu kazi.

Hivi vyote si lazima kila mtu anunue. Equipe moja ikifanya likelemba, aparei moja ya kawaida inatosha, na vitu vidogo vyake. Nyumbani, telefone ya mama inatosha kupiga foto za buleteni ya mushahara na karatasi za hospitali, kila mwezi. Baba akiumia, familia haitaanza kutafuta karatasi ndani ya masanduku.