Msumeno wa kukatia chuma nyumbani: kabla ya kuuliza bei, tazama uani kwako

Katika mitaa yetu mingi, karakana ya kuchomelea vyuma imetenganishwa na sebule kwa ukuta mmoja tu. Baba anatengeneza mageti uani, jiko liko hatua chache kutoka hapo, na watoto wakitoka shule hupita katikati. Kwa hiyo mashine ya kukatia chuma inapotaka kununuliwa, baba na mama wakae waamue pamoja.

Swali la kwanza ni hili: mnakata nini, na mara ngapi kwa wiki?

Msumeno wa mkono
Kwa kazi chache, huu bado unatosha. Bapa na nondo nene zinahitaji wembe wenye meno 18 kwa inchi. Bomba jembamba linahitaji meno 32. Hautumii umeme wala hautoi cheche. Ubaya wake ni kuchosha.

Grenda ndogo
Diski yake ni ya inchi 4.5 na huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika. Hukata na pia hulainisha sehemu iliyochomelewa, ndiyo maana mafundi wengi huanza nayo.

Hatari huanza pale fundi anapotoa kinga ya chuma ili diski kubwa ienee. Diski ya inchi 9 kwa kawaida haitakiwi kuzidi mizunguko 6,600 hivi kwa dakika. Ukiilazimisha kwenye grenda ndogo inaweza kupasuka, na vipande vyake havichagui fundi wala mtoto. Diski yenye meno ya kukatia mbao nayo usiifunge humo kabisa.

Mashine ya mezani ya diski ya inchi 14
Ukipata oda za milango na mageti kila wiki, hii inalipa. Inashika bomba kwenye jiliwa na kukata pembe ya nyuzi 45 iliyonyooka, hivyo fremu inakaa sawa. Lakini cheche zake huruka mita kadhaa, na kelele zake zinaweza kufika desibeli 100. Wataalamu wa usalama kazini huhimiza kinga ya masikio kuanzia desibeli 85. Kama kuna mtoto mchanga nyuma ya ukuta, lifikirieni hilo.

Mashine ya meno magumu
Umbo lake linafanana na hiyo ya mezani, ila huzunguka polepole, kama mara 1,300 hadi 1,500 kwa dakika. Cheche ni chache na kipande hakitoki na moto mwingi. Bei yake ni kubwa, na jino huvunjika kama chuma hakijabanwa vizuri. Kwa uani mdogo wenye watoto, inafaa kuwekewa akiba. Usinunue diski yake ukaifunga kwenye mashine ya mezani ya kawaida. Mwendo wa ile ni mkubwa mno.

Dukani, kabla ya kulipa
Hakikisha kinga ipo na haijalegea. Chagua mashine ambayo swichi yake hukata umeme yenyewe ukiiachia. Linganisha mizunguko iliyoandikwa kwenye mashine na ile ya kwenye diski. Ya diski isiwe ndogo. Soma pia tarehe ya mwisho iliyogongwa kwenye pete ya katikati ya diski. Uliza bei ya diski na kaboni, kwa sababu hizo mtazinunua tena na tena.

Sheria za nyumbani
Mtoto asiitwe kushikilia ncha ya bomba, hata kwa dakika moja. Nunueni stendi au jiliwa. Mtungi wa gesi, mafuta ya taa na nguo za kuanikwa vikae mbali na upande cheche zinakoelekea. Kazi ikiisha, chomoa waya na ufungie mashine kabatini. Fundi abadili nguo na kunawa kabla ya kumbeba mtoto, maana vumbi la diski na chuma humfuata hadi kitandani.

Miwani ya kazi na kinga ya masikio viingizwe kwenye bajeti ileile ya mashine. Fedha zisipotosha, chukueni mashine ndogo zaidi na mbakize vifaa vya kinga. Oda ya geti inaweza kusubiri hadi mwezi ujao. Jicho likipotea halirudi.