Dhoruba ya Mbali na Wimbi la Mwambani

Katika ncha ya kusini-mashariki ya kisiwa cha Tahiti, mahali inapokoma barabara ya pwani, kiko kijiji cha Teahupo'o. Huweza kupambazuka hapo asubuhi tulivu kabisa: upepo umelala, makuti ya minazi hayatikisiki, na maji yaliyo kati ya ufuo na mwamba yametulia kama maji ya mtungini. Hata hivyo, mwendo mfupi kwa mtumbwi kutoka ufuoni, kwenye ukingo wa mwamba wa matumbawe, mawimbi yenye kimo cha nyumba ya ghorofa yanaumka kwa kishindo kikubwa. Mgeni ashuhudiaye jambo hilo hana budi kujiuliza: mawimbi haya yametoka wapi, ilhali hapana upepo?

Jibu ni kwamba upepo ulikuwapo, lakini ulivuma siku nne zilizopita, umbali wa kilomita 4,000 hivi, katika bahari baridi iliyo kusini-mashariki ya New Zealand. Dhoruba yenyewe huenda imekwisha kutoweka. Mawimbi iliyoyazaa ndiyo kwanza yanawasili.

Teahupo'o ni mojawapo ya mahali mashuhuri sana duniani kwa mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, mchezo wa kale wa watu wa visiwa vya Polinesia. Pia ni mahali pa hatari. Mwaka 2000 mtelezaji mmoja wa Tahiti alifariki baada ya kuumizwa na mwamba huo. Kwa sababu hiyo, utabiri wa mawimbi hapo si jambo la anasa. Ni elimu inayoamua nani aingie majini, siku gani, na nani abaki nchi kavu.

Kuzaliwa kwa wimbi

Mambo matatu huamua ukubwa wa mawimbi yanayozaliwa na upepo: kasi ya upepo, muda unaovuma bila kukoma, na urefu wa eneo la bahari linalopitiwa na upepo huo pasipo kizuizi. Katika bahari za kusini, baina ya latitudi 40 na 60, mambo hayo matatu hukutana mara kwa mara. Huko hapana mabara makubwa ya kuzuia pepo za magharibi, na dhoruba hufuatana mwaka mzima, hasa katika miezi ya baridi ya kusini, yaani kuanzia Mei hadi Septemba.

Ndani ya dhoruba bahari huwa vurugu tupu. Mawimbi mafupi na marefu huchanganyika na kugongana. Yakisha kutoka katika eneo la dhoruba, mawimbi huanza kujipanga. Yale mafupi hufifia mapema, na yale marefu huendelea na safari yakipoteza nguvu kidogo sana. Hayo yaliyojipanga yanaweza kuitwa mawimbi ya mbali, ili kuyatenga na mawimbi yanayosukumwa na upepo wa mahali hapo hapo.

Siri ya sekunde

Watu wengi wakisoma utabiri wa bahari hutazama kimo cha wimbi tu, yaani urefu wa kwenda juu kutoka bondeni hadi kileleni. Wataalamu hutazama pia kipindi, nacho ni muda unaopita baina ya kilele kimoja na kingine kinachofuata. Kipindi ndicho kinachofichua tabia ya wimbi.

Chukua wimbi lenye kipindi cha sekunde 8. Katika maji ya kina, urefu wake kutoka kilele hadi kilele ni mita 100 hivi. Wimbi lenye kipindi cha sekunde 16 lina urefu wa mita 400. Kipindi kimeongezeka mara mbili, lakini urefu umeongezeka mara nne. Wimbi huanza kuhisi sakafu ya bahari pale ambapo kina ni nusu ya urefu wake. Kwa hiyo, wimbi la kwanza huihisi sakafu kwenye kina cha mita 50, na la pili kwenye kina cha mita 200.

Nguvu nazo hutofautiana. Mawimbi yenye kimo cha mita 2.5 na kipindi cha sekunde 16 hubeba takriban kilowati 50 katika kila mita moja ya upana wake. Kimo hicho hicho kikiwa na kipindi cha sekunde 8 hubeba nusu yake tu. Yafikapo pwani na kuumka, yale ya kwanza huinuka hadi karibu mita 4, na yale ya pili hadi karibu mita 3. Mtu atazamaye kimo peke yake atadhani bahari hizo mbili ni sawa, na huenda akajuta.

Mwendo pia hutegemea kipindi. Nishati ya mawimbi yenye kipindi cha sekunde 20 husafiri kiasi cha kilomita 56 kwa saa. Ya sekunde 16, kilomita 45. Na ya sekunde 14, kilomita 39. Katika safari ya kilomita 4,000, ya kwanza itawasili baada ya saa 71, ya pili baada ya saa 89, na ya tatu baada ya saa 102. Hivyo wajumbe wa kwanza wa dhoruba huwa ni mawimbi ya kipindi kirefu, mara nyingi yenye kimo kidogo yasiyotazamiwa na mtu. Yakifika hayo, mwenye ujuzi hutambua kwamba mazito yanafuata.

Wataalamu wafuatilia nyayo

Elimu hii ilikuzwa na haja za vita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Harald Sverdrup, mtaalamu wa bahari kutoka Norwe, na mwanafunzi wake Walter Munk, walitunga katika jimbo la California mbinu za kukadiria mawimbi kutokana na ramani za upepo. Shida ilikuwa kujua ni siku gani mashua za askari zingeweza kufika ufuoni bila kupinduliwa. Mbinu hizo zilitumiwa katika kutayarisha kushuka kwa majeshi huko Normandy, Juni 1944.

Baada ya vita Munk aligeukia swali lingine: mawimbi husafiri umbali gani? Yeye na wenzake walitega vyombo vya kupimia katika kisiwa cha Guadalupe, pwani ya Meksiko. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1957 yalionyesha kwamba baadhi ya mawimbi yaliyofika hapo yalikuwa yametoka Bahari ya Hindi.

Waliwezaje kujua? Walitumia tofauti ile ile ya mwendo. Dhoruba ikiwa karibu, mawimbi marefu na mafupi huwasili yakikaribiana. Ikiwa mbali, huwasili yakiwa yametengana kwa siku nyingi. Ni kama mtu anayeona umeme na kuhesabu sekunde kabla ya kusikia radi: kadiri kimya kinavyorefuka, ndivyo umbali ulivyo mkubwa. Mwaka 1963 watafiti hao walipanga vituo sita kutoka New Zealand hadi Alaska, wakafuatilia mawimbi ya dhoruba za kusini yakiivuka Bahari ya Pasifiki yote. Walithibitisha kwamba mawimbi marefu, yakisha kutoka katika eneo la dhoruba, hupoteza nishati kidogo mno njiani.

Siku hizi hesabu hizo hufanywa na kompyuta. Bahari hugawanywa katika miraba, na katika kila mraba kompyuta hukadiria nishati ya mawimbi ya kila kipindi na kila mwelekeo: upepo umeongeza kiasi gani, kiasi gani kimepotea kwa povu, na kiasi gani kimehamia mraba wa jirani. Setilaiti zenye rada hupima kimo cha mawimbi kutoka angani, na maboya hupima majini, ili makosa ya kompyuta yasahihishwe. Kwa njia hiyo mawimbi makubwa ya Teahupo'o hutangazwa siku kadhaa kabla hayajafika.

Mwamba ndio wenye neno la mwisho

Hata hivyo, kompyuta hueleza bahari kuu. Kinachotokea katika mita mia chache za mwisho huamuliwa na mwamba.

Tahiti ni kisiwa kilichojengwa na volkano, na sakafu ya bahari mbele ya mwamba wake hushuka ghafla. Katika pwani zenye mteremko wa polepole, wimbi la sekunde 16 hulihisi dongo la chini kwa kilomita nyingi na kupunguziwa nguvu taratibu. Teahupo'o halipewi nafasi hiyo. Huwasili likiwa na karibu nguvu zake zote, likakuta maji yamekwisha. Sehemu ya mbele huzuiwa na mwamba, nayo ya nyuma ingali inasukuma. Maji hurundikana, na mdomo wa wimbi hurushwa mbele na kufanya tundu mfano wa bomba kubwa. Mtelezaji hupita ndani ya tundu hilo, na chini yake pana maji haba na matumbawe makali.

Mwelekeo nao una sheria zake. Mwamba huo huelekea kusini-magharibi, na kando yake upo mlango ambamo maji yaliyoingizwa na mawimbi hutokea tena baharini. Mawimbi yakitoka upande wa kusini-magharibi hujipinda kuufuata mwamba na kuumka kwa utaratibu, yakimwelekeza mtelezaji kwenye maji marefu ya mlangoni. Nyuzi chache zikigeuka, wimbi lile lile laweza kufunga njia yote kwa pigo moja.

Jambo moja litamshangaza msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, aliyezoea bamvua ambayo tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3. Tahiti tofauti hiyo ni sentimita 30 hivi tu. Aidha, maji hujaa karibu na saa sita mchana na saa sita usiku takriban kila siku, kwa kuwa hapo mvuto wa jua huonekana zaidi kuliko wa mwezi. Mtabiri wa Teahupo'o, basi, hana wasiwasi mkubwa juu ya kujaa na kupwa. Wasiwasi wake ni upepo: ule utokao nchi kavu hulainisha uso wa wimbi, na ule wa maraamu, utokao kusini-mashariki, huuvuruga.

Mtihani wa mwaka 2024

Elimu hii ilipata mtihani wa hadharani wakati Michezo ya Olimpiki ya Paris ilipopeleka mashindano ya kuteleza mawimbini huko Teahupo'o, tarehe 27 Julai hadi 5 Agosti 2024. Wakimbiaji hupangiwa saa. Watelezaji hungojea bahari. Tarehe 29 Julai mawimbi makubwa yalifika na mashindano ya kukumbukwa yakafanyika. Kisha siku kadhaa zilipita bila shindano, kwa kuwa hali haikufaa. Medali ya dhahabu ya wanaume ilitwaliwa na Kauli Vaast, aliyekulia kisiwani humo, na ya wanawake na Caroline Marks wa Marekani.

Siku nyingine jibu la utabiri huwa ni kukataza. Tarehe 27 Agosti 2011 mawimbi yalikuwa makubwa kiasi kwamba shindano lililokuwa likiendelea lilisimamishwa, na mamlaka zikatangaza tahadhari nyekundu ya kuzuia watu wasiingie baharini. Wako walioingia hata hivyo, wakivutwa kwa pikipiki za majini.

Utabiri una mipaka yake. Kimo kinachotangazwa ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa kuliko mengine. Katika muda wa saa chache, wimbi moja laweza kukaribia mara mbili ya kimo hicho. Mawimbi pia huja kwa mafungu: dakika nyingi za utulivu, kisha makubwa matano au sita mfululizo. Hakuna kompyuta iwezayo kutaja dakika ambayo fungu litafika. Hapo hutakiwa jicho la mvuvi wa kijiji, aliyeutazama mwamba huo tangu utotoni.

Wanakijiji hao ndio waliokumbusha jambo jingine. Mwaka 2023 walipinga mpango wa kujenga juu ya mwamba mnara mpya wa waamuzi. Desemba mwaka huo tishari lililokuwa likijaribiwa kwa kazi hiyo lilivunja matumbawe. Mnara ulipunguzwa ukubwa, ukajengwa, ukatumika. Hoja yao, hata hivyo, ilibaki na uzito wa kisayansi: mwamba ni kiumbe hai, na umbo lake ndilo linaloumba wimbi. Ukiharibika, samaki watapungua, ufuo utakosa ngao, na hesabu za mtabiri hazitakuwa na mahali pa kufikia.

Funzo kwa pwani ya Afrika Mashariki

Mawimbi mengi ya Afrika Mashariki huletwa na kusi na kaskazi, na ni wachache wanaoyaendea kwa ubao. Lakini mvuvi apitaye mlango wa mwamba akirudi na ngalawa yake hukabiliwa na kanuni zile zile. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa, na kimo hutajwa kwa mita. Asikiaye mita 2 yafaa aulize pia: kwa kipindi cha sekunde ngapi, na kutoka upande gani? Mita 2 za upepo wa jirani huchosha wanamaji. Mita 2 za dhoruba ya mbali huweza kupita kimya chini ya chombo katika maji makuu, zikamsubiri nahodha mwambani, siku isiyo na upepo.

Wahenga walisema bahari haishi zinge. Sayansi haikuliondoa zinge hilo. Imewezesha tu habari zake kufika kabla yake.