Utando unaokinga elektrodi za jua

Haidrojeni ndiyo malighafi ya amonia, na amonia ndiyo ya mbolea ambayo Afrika Mashariki huiagiza kwa wingi. Je, jua na maji vyatosha kuitoa?

Mwaka 1972 Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walionyesha kuwa yawezekana, kwa elektrodi ya oksidi ya titani. Lakini oksidi hiyo hunasa miali ya urujuanimno tu, sehemu ndogo ya mwanga wa jua. Silikoni hunasa mwanga mwingi zaidi, ila ikizamishwa majini huharibika upesi.

Mjini Louisville, Marekani, Mahendra Sunkara, akishirikiana na Madhu Menon wa Chuo Kikuu cha Kentucky, alitafuta dawa katika madini yenyewe: mwaka 2011 walipendekeza naitraidi ya galiamu iliyochanganywa na antimoni kidogo, asilimia 2 hivi.

Huko California, mwaka 2014, watafiti waliivika silikoni utando mwembamba mno wa oksidi ileile ya titani, pamoja na nikeli. Kazi ya utando huo ni ngumu: uzuie maji, lakini upitishe mwanga na umeme. Ulidumu zaidi ya saa 100, yaani siku nne na ushei. Paneli ya kawaida ya umeme wa jua hudumu miaka 20 na zaidi.